Upande Wangu wa Godoro

Jumatatu, 2 Machi

Nimepata pa kulala. Shemeji, mume wa dada yangu, amenipeleka mwenyewe mpaka mlangoni, akaongea na bibi mwenye nyumba kana kwamba ananiposea. "Huyu ni mtu mzima, hanywi, hana ugomvi, hakoromi." La mwisho si kweli, lakini nilinyamaza.

Chumba kina kitanda kimoja, dirisha dogo, misumari miwili ukutani na kamba iliyofungwa kutoka ukuta hadi ukuta. Bibi alinieleza taratibu. Kitanda ni cha watu wawili, ila si kwa pamoja. Mimi ni wa usiku. Yupo mwingine wa mchana, mwoka mikate, anayetoka kazini asubuhi na kulala mpaka jioni. Kila mtu ana ufunguo wake na shuka lake. Godoro limevishwa mfuko wa vitambaa viwili, upande mmoja mistari, upande wa pili maua. Mistari ni yake, maua ni yangu. Anayeamka analigeuza, ili anayekuja akute upande wake uko juu.

"Heshima yote ya chumba hiki iko hapo," bibi alisema. "Na wawili kwa pamoja sitaki. Kitanda si basi. Cha kwanza kilivunjwa na watu wa namna hiyo."

Nikauliza mwenzangu anaitwa nani. Alifikiri kidogo. "Ni mwoka mikate," akasema, kama vile hilo lilitosha.

Jumatano, 4 Machi

Zege tangu asubuhi. Vidole havikunjiki, naandika kwa shida.

Jumapili, 8 Machi

Leo hakuna kazi, na mchana kitanda si changu. Nimetoka alfajiri nikazunguka mji. Katika mji huu mtu akisimama mahali bila sababu anatazamwa kama mwizi, basi nikawa natembea haraka kama mwenye safari. Nimepita barabara moja mara kadhaa. Mwuza viatu mmoja aliniambia, "Baba, unachokitafuta kimeshahama."

Kazini wananiita Mgeni. Ni jina la anayekuja mwisho, nami nitalibeba mpaka aje mwingine nimkabidhi. Jengo limefika ghorofa ya tatu. Tunasimama kwenye ngazi, mmoja juu ya mwingine, karai la zege linapanda mkono kwa mkono. Ukilichelewesha, wa chini anakutukana na wa juu anakutukana. Zege halingoji mtu, likianza kukauka limekauka. Kwetu nilizoea kulima: ukichoka unaegemea jembe, shamba haliendi popote. Hapa nyapara anasema kuegemea ni kwa kuta.

Alhamisi, 12 Machi

Mwenzangu wa mchana simjui sura, lakini naanza kumjua. Ni mrefu kuliko mimi, kwa sababu shati lake kwenye msumari linafika mbali. Analalia ubavu wa kushoto na kukunja magoti. Shimo lake limepenya mpaka upande wangu, na mimi nikilala chali nusu ya mgongo inaning'inia. Ndala zake zimelika kisigino cha nje. Chumba kinanukia unga uliochachuka. Mwanzoni ilinikera, kama kulala ndani ya bakuli la mtu.

Juzi nilikuta ncha ya mkate dirishani, imefungwa kwenye karatasi. Nikaiacha, nikidhani amesahau. Jana zikawa mbili. Ndipo nikaelewa ni zangu. Nikazila zote nimesimama. Leo asubuhi nimemwekea kipande cha sabuni.

Jumamosi, 14 Machi

Nimeongea na mama watoto. Mtoto wa pili ameng'oka jino, mbuzi kazaa. Akaniuliza nimepata marafiki.

"Yupo ninayelala naye kitanda kimoja."

Nikajieleza haraka haraka. Alicheka mpaka nikamsikia anawasimulia watu pembeni. Halafu akauliza, "Anaitwa nani?"

"Simjui jina."

"Mume wangu, hata kuku wa jirani tunawajua kwa majina."

Jumanne, 17 Machi

Mvua imeanza. Tulifunika zege kwa turubai, upepo ukalipeperusha, tukalikimbiza kama watu wanaokimbiza ng'ombe. Nimelowa mpaka ndani ya mifupa. Nguo zote nimezianika kwenye kamba juu ya kitanda, sina pengine.

Jumatano, 18 Machi

Nilipotoka asubuhi nguo zilikuwa bado zinadondosha. Nilijua. Nilijiambia zitakoma. Jioni nimekuta godoro limegeuzwa vizuri, maua juu, lakini nilipoingiza mkono chini, upande wa mistari ulikuwa umeloa kama jani. Maskini amelala kwenye maji. Dirishani hakuna mkate. Amekasirika, na ana haki.

Alhamisi, 19 Machi

Hakugeuza. Nimefika nimekuta mistari iko juu, vilevile. Mkate hakuna. Sawa. Kosa moja kwa kosa moja, tumelipana.

Ijumaa, 20 Machi

Hakugeuza tena. Mimi nimebeba karai siku nzima kwenye tope, halafu nije nihangaike na godoro zito kama maiti kwa sababu mtu mzima amenuna. Nililigeuza huku nikimtukana kwa sauti. Ukutani kwa jirani, fundi cherehani alikohoa kunijulisha kwamba anasikia.

Jumamosi, 21 Machi

Hakugeuza.

Jumamosi bibi hupita kukagua nyumba. Nilimkuta uani, na kabla hata sijamwamkia vizuri yakanitoka yote. Kwamba mwenzangu hana adabu, hageuzi godoro, ananifanyia kusudi. Bibi alisikiliza huku anatikisa kichwa. "Hata fundi cherehani alishaniletea malalamiko kwamba anamgongea ukuta. Kuna mlinzi wa usiku anatafuta pa kulala mchana, kila siku yuko mlangoni kwangu. Nitampa huyo."

Nilipaswa kusema sikutaka kumfukuzisha mtu. Nilisema, "Wewe ndiye mwenye nyumba, bibi."

Jumatatu, 23 Machi

Leo asubuhi na mimi sikugeuza. Nimeacha maua juu. Jioni nimekuta maua juu. Maana yake amekuta, akageuza mwenyewe, akalala, akanirudishia. Dawa ya moto ni moto. Kumbe alihitaji kuonyeshwa tu.

Jumanne, 24 Machi

Nimeacha maua, nimekuta maua. Mtu amenyooka. Nimefikiri kumwambia bibi aahirishe habari ya mlinzi, lakini haji mpaka Jumamosi, na nyumbani kwake ni mbali, tena kwa mvua hii.

Alhamisi, 26 Machi

Nataka niandike ya leo yote.

Saa nne mvua ilizidi, nyapara akatufukuza. Nikarudi. Nilifika mlangoni nimelowa chapachapa, natetemeka, ufunguo mkononi. Lakini mchana si wangu. Nikasema mtu kakesha kwenye tanuri, nimwamshe kwa sababu ya baridi yangu? Tena siku hizi tumeshapatana. Nikasimama chini ya upenu, mgongo ukutani, maji yakinipita miguuni. Nilisimama muda mrefu. Nilijisikia mtu mwema sana, niseme ukweli. Niliwaza nitakavyomsimulia mama watoto.

Mlango wa jirani ukafunguka. Fundi cherehani akatoa kichwa, uzi mdomoni.

"Baba, umefungiwa nje?"

"Hapana, mama. Mwenzangu amelala. Namngoja aamke."

"Amelala saa hizi?" Akatoa uzi mdomoni. "Siku hizi amekuwa mpole huyo. Zamani nikikanyaga cherehani tu, anagonga ukuta, pu, pu, pu. Sasa hivi nashona mchana kutwa, kimya. Nikasema, asante Mungu, kazoea."

"Na mimi amenizoea," nikamwambia. "Alikuwa hageuzi godoro, sasa anageuza."

Tukatabasamu, watu wawili tunaomsifu mtu mmoja.

Halafu yeye akaacha kutabasamu kwanza. "Lakini hata kikohozi sijakisikia. Alikuwa na kikohozi. Ukuta huu ni mbao tu, namsikia mpaka akijigeuza."

"Tangu lini?"

"Wiki hii sijakisikia. Na iliyopita, mwishoni."

Niligeukia mlango. Mkono ulikuwa unatafuta tundu la ufunguo, haulioni. Mlango ulipofunguka nilikuta chumba kama nilivyokiacha alfajiri, hasa kama nilivyokiacha. Maua juu. Mkunjo nilioufanya kwenye kona ya shuka langu. Shati refu kwenye msumari. Na dirishani, kipande cha sabuni nilichomwekea tena Jumatatu, hakijaguswa, kina vumbi juu.

Fundi alisimama nyuma yangu. Nilimweleza, sijui kama nilikuwa namwambia yeye au najiambia mwenyewe. Nilipoacha mistari juu, nilikuta mistari, nikasema hana adabu. Nilipoacha maua juu, nikakuta maua, nikasema amepata adabu. Hapakuwa na mtu. Siku zote hizo nilikuwa nagombana na godoro, nikapatana na godoro.

"Na mimi nimemshukuru Mungu," fundi akasema polepole. "Wallahi nilimshukuru."

Ijumaa, 27 Machi

Kiwanda cha mikate kiko nyuma ya soko. Nilikipata kwa kufuata pua, maana harufu ile nimeilalia. Nikawaambia namtafuta mwoka mikate mrefu, anayekohoa, ndala zimelika upande. Mtu mmoja mwenye unga mpaka kwenye kope akasema, "Unamtaka Hamira. Wewe ni nani wake?"

"Tunalala kitanda kimoja."

Wakapiga makofi kwa kicheko. "Hamira ana mambo," mmoja akasema. Hamira wanamwita kwa sababu ukimgusa anaumuka. Walipotulia ndipo wakaniambia. Usiku wa Jumatano ya wiki iliyopita alikuja kazini ameloa, anatetemeka mbele ya tanuri, jambo ambalo hawajawahi kuliona. Alfajiri akaanguka. Wakampeleka hospitali. Kwake hawakupajua, wangempa nani habari?

Jumatano ile. Nguo zangu zilikuwa zikidondosha Jumatano ile.

Hospitalini muuguzi aliniuliza jina la mgonjwa. Nikasema Hamira. "Hamira nani?" Sijui. "Umri?" Sijui. "Wewe ndugu yake?" Nikasema ndiyo, mdogo wake. Akanitazama, kisha akasema, "Yule anayekataa mkate wetu. Anasema umeokwa na adui wa watu. Kitanda cha mwisho."

Alikuwa amelala ubavu wa kushoto, kakunja magoti. Ni mtu mzima kuliko nilivyodhani, mvi mpaka kwenye nyusi. Muuguzi akamwambia, "Babu, mdogo wako kaja."

Akafungua jicho moja. "Sina mdogo mwenye sura hii." Akanitazama zaidi, akavuta pumzi kama anayenusa. "Saruji," akasema. "Wewe ni wa usiku."

"Ndiye mimi, kaka. Pole."

"Mto wangu unanuka wewe."

"Na wangu wewe."

Akafumba jicho. Ni mapafu. Anaongea neno moja, anapumzika, anaongea la pili. Wiki nzima hakuna aliyekuja, kwa sababu walio wake wako mbali na hawajui. Binti yake anadhani yuko kazini. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda. Nilitaka kumwambia kuhusu nguo, akaniwahi.

"Kitanda changu kipo?"

"Kipo."

"Maana nikikosa pa kulala hapa mjini, nimekwisha. Kiwandani wataweka mtu mwingine mahali pangu. Nyumbani nitarudi na nini, kikohozi?"

"Kipo, kaka," nikarudia. Kesho ni Jumamosi.

Jumamosi, 28 Machi

Nilimwomba bibi abadili uamuzi, akakataa. Mlinzi ameshakubaliwa, kesho analeta shuka lake.

Nikamwambia mwenzangu ni mgonjwa, hakuwa mkaidi.

"Nimesikia, na namwombea. Lakini ni wewe uliyesema hapa hapa, umesimama hapo hapo. Sasa mlinzi nimwambie nini, kwamba wapangaji wangu hawajui kama mtu yupo au hayupo?"

Nikaomba basi akitoka hospitali tulale wote usiku. Kitanda si basi, akasema.

"Basi nusu yangu ya usiku mpe yeye," nikasema. "Mpaka apone. Hawezi kazi ya usiku sasa hivi."

Hapo alinitazama. "Na wewe?"

"Nitajua."

Sikujua.

Jumatatu, 30 Machi

Nyapara ameniruhusu kulala kwenye stoo ya saruji, nikifunga mdomo na nikilinda mifuko isilowe. Shemeji amekuja mpaka kazini kunisema. "Nimekutafutia kitanda kwa kuomba, wewe unakigawa kama peremende. Umekuja mjini kutafuta maisha au kutafuta mzigo?" Yeye ana mke pembeni yake usiku, tena mke mwenyewe ni dada yangu.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimemtoa hospitali. Njia nzima alikuwa analalamika: natembea haraka, natembea polepole, mwavuli nauinamisha kwangu. Hana shukrani. Nilimfikiria mtu mwingine kabisa, mtu wa kuacha mkate dirishani na kunyamaza. Nilimweleza kwamba mchana ameingia mlinzi na yeye sasa ni wa usiku. Akauliza mimi nalala wapi. Nikasema kazini kuna nafasi nzuri.

Jumamosi, 4 Aprili

Nilipita asubuhi kumpelekea uji. Mlinzi alikuwa bado hajafika, fundi ametoa kigoda, mzee amekaa uani ananyoosha miguu kwenye jua dogo lililotokea. Bibi akaingia na funguo zake.

"Umeiona dunia, Babu," akamwambia. "Mshukuru sana huyu. Ndiye aliyekusema kwangu, na ndiye aliyekulilia kwangu."

Kijiko kikasimama. Fundi akajifanya anatafuta sindano.

"Alinisema nini?"

Nikaona heri nijibu mwenyewe. "Kwamba hugeuzi godoro. Nilidhani unanifanyia kusudi. Kumbe ulikuwa umelazwa."

"Na kitanda changu cha mchana kimeondoka kwa hilo."

"Kwa hilo. Na ulilowa kwa nguo zangu, hilo nalo ulijue."

"Nguo nilizijua. Ningeziondoa kwenye kamba, nilikuwa na usingizi. Hilo ni la mvua." Akaweka bakuli chini. Sasa nikaona kweli anaumuka. "Lakini mlango ulikuwepo. Ungebaki asubuhi moja ukaniambia usoni. Umekula mkate wangu, ukaenda kunisema kwa mwenye nyumba."

Akaingia ndani. Uji haukumalizika.

Jumapili, 5 Aprili

Nilimsimulia mama watoto. Akasema, "Kwa hiyo umempa mtu kitanda, wewe unalala kwenye saruji, na yeye amekununia. Huko mjini ujinga umeukuta, au uliondoka nao hapa?"

"Sehemu yake niliondoka nayo."

"Usirudi nao wote basi."

Ijumaa, 10 Aprili

Mvua. Mifuko mitatu imelowa chini, nyapara amenifokea.

Jumanne, 14 Aprili

Nakohoa vumbi la kijivu. Jioni nimepeleka uji, mzee amepokea mlangoni, akanirudishia bakuli lililooshwa. Akafunga mlango.

Jumamosi, 18 Aprili

Ameenda kiwandani kwa miguu yake. Daktari amemkataza tanuri na kazi ya usiku. Wamempa kazi ya kupanga na kuuza mikate mchana. Fundi ndiye aliyeniambia, yeye haniambii kitu. Nilifurahi, na nusu ya njia furaha ikanikauka. Mtu anayefanya kazi mchana analala usiku. Usiku ulikuwa wangu. Nilisema mpaka apone. Sasa amepona, na hana pengine.

Jumatano, 22 Aprili

Ghorofa ya nne imeanza. Ameajiriwa mtu mpya, mwembamba, amechanganyikiwa na ngazi. Nimemkabidhi jina la Mgeni. Nilidhani nitafurahi zaidi. Jioni niliona ameegemea toroli peke yake, nikamuuliza anaitwa nani nyumbani kwao. Alishtuka kama nimemdai.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua zinapungua. Saruji zaidi inaletwa wiki ijayo, nyapara anasema stoo itajaa, nitafute pengine. Shemeji hana nafasi, wana watoto mpaka jikoni. Nimefikiri kurudi nyumbani. Nimefikiri pia kwenda kumwambia mzee, muda wangu umefika, nipishe. Naweza kusema hivyo, ni haki yangu. Kila nikijaribu kuipanga sentensi, namwona amekunja magoti kwenye kitanda cha hospitali.

Jumapili, 3 Mei

Nilienda jioni kuchukua nguo zangu zilizobaki. Niliamua siombi kitu. Nitachukua nguo, nitaaga, nitalala stendi, kesho nipande basi la kwetu.

Alikuwa amekaa kitandani anavua ndala. Nikamwamkia, akaitikia. Nikaanza kukunja shati.

"Unaenda wapi na hayo matambara?"

"Nyumbani. Stoo imejaa."

"Ulisema kazini kuna nafasi nzuri."

"Ilikuwa stoo ya saruji, kaka."

"Najua. Unadhani pua yangu nayo iliumwa?" Akaendelea huku anatazama ukuta, si mimi. "Sijakusamehe. Nataka ulijue hilo. Mtu akinisema kwa nyuma, kwangu hukaa."

"Nimejua."

"Unakoroma?"

Nilifikiria alivyosema shemeji mlangoni siku ile ya kwanza. "Nakoroma," nikasema.

"Mimi nakohoa." Akasogea mpaka ukutani, akavuta shuka lake, akaacha nusu ya kitanda wazi. "Lala mzungu wa nne. Kichwa chako kiwe huko miguuni, nisikuone sura asubuhi kabla sijanawa."

"Bibi hataki wawili."

"Bibi anakuja Jumamosi. Atapiga kelele, tutamsikiliza wote wawili. Safari hii mwenye la kusema aseme tukiwa hapa."

Nimeandika haya nimekaa kwenye ukingo wa kitanda. Ameshalala, au anajifanya. Miguu yake ni mirefu, itanifika begani. Jumamosi bibi anaweza kututoa sote wawili, na nitarudi kwetu mikono mitupu kama nilivyoogopa. Lakini leo amenong'ona kitu kabla hajafumba macho, nikadhani ananigombeza, nikainama kumsikiliza. Alikuwa ananitajia jina lake.